Mtoto Aliyepimwa kwa Mizani ya Pamba

Binti yangu alichumbiwa kabla hajaota jino. Mchumba wake alikuwa mtoto wa mdogo wangu wa kiume, kiumbe ambaye siku hiyo alikuwa na wiki chache tu duniani na hajaweza hata kuinua shingo. Aliyepanga hayo ni mama yetu. Aliwalaza wote wawili kwenye mkeka mmoja, akafukiza ubani, akatangaza kwamba nyumba ya marehemu baba, ile iliyo karibu na stesheni, haitaingia mikononi mwa watu wa nje. Ndivyo tulivyokuwa sisi Waislamu wa mjini Shinyanga wakati ule, nusu watu wa pwani, nusu watu wa Tabora. Tulikuwa na nyumba moja ya udongo, bati upande mmoja na nyasi upande wa pili, na tuliilinda kama kasri la sultani.

Sikubisha. Mume wangu alikuwa Geita akiwapelekea wachimba dhahabu mchele wa Kahama, na kila aliporudi alileta hadithi nyingi kuliko fedha. Mimi nilikuwa kwa mama, nikila chakula cha mama, na mwanamke wa namna hiyo hana sauti kubwa. Tena nilikuwa nimeona wachumba wa mkekani wengi waliosahauliwa wakakua na kuoa walikotaka. Nilidhani na huyu atasahauliwa.

Mdogo wangu alikuwa karani na mkalimani bomani. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, na tangu apate kazi ile alizungumza nasi polepole, kama anayengoja mtu wa tatu amtafsirie. Mke alimtoa Tabora, binti wa karani mwingine. Binti wa karani kuolewa na karani, basi fikiria kichwa kilivyovimba. Kabla ya kuolewa alikuwa amekaa kwa bibi mmoja wa Kizungu, muuguzi, akimkunjia nguo za watoto, na elimu yake yote ya kulea aliipata huko, kwenye kukunja nguo. Alikuja nayo Shinyanga, nyumba ileile ya mama, pamoja na saa ya mezani.

Saa hiyo ndiyo iliyomlea mtoto. Alinyonyeshwa kila baada ya saa nne, na kabla ya hapo hata akilia mpaka sauti ikauke hakuguswa. Hakubebwa mgongoni, maana mgongo hupinda miguu na, kibaya zaidi, humfanya mtoto awe mwoga. Alilazwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, azoee. Nilipomuuliza wifi yangu azoee nini, alinieleza kwa huruma, kama mtu anayemweleza mshamba matumizi ya uma, kwamba mtoto wa kisasa hufundishwa kujitegemea mapema ili akikua asimame mbele ya watu bila kutetemeka. Mtoto mwenyewe hakuwa ametimiza arobaini. Sikujua alitakiwa ajitegemee kwa lipi, labda aende akachume pamba.

Mimi nilimfunga binti yangu mgongoni nikatwanga naye, nikapika naye, nikaenda naye kisimani, na akilia nilimpa ziwa hata kama nimesimama sokoni. Wifi aliniambia ninamharibu. Yule niliyemharibu akawa anacheka na kila mgeni, na wake aliyekuwa akifundishwa ujasiri akawa anashtuka mlango ukigongwa. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi. Mtoto hupata moyo kwa kujua kwamba akiita ataitikiwa. Sikulisoma mahali, na sijaona mtu mwenye akili akilipinga.

Ziwa lisiponyonywa hukauka. Kila mbuzi wa Shinyanga analijua hilo, lakini wifi yangu alishangaa. Maziwa yake yalipokata hakuhuzunika sana, kwa kuwa duka la Mhindi lilikuwa na maziwa ya kopo, na kopo ni jambo la kisasa kuliko ziwa. Tuliishi katika nchi yenye ng'ombe wengi kuliko watu. Wanawake wa Kisukuma walipita mlangoni kila asubuhi na vibuyu vya maziwa vichwani. Yeye aliyaita maziwa ya porini, akanunua yaliyosafiri kwa meli na treni, kisha akayaongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Chupa ilikuwa na chuchu ya mpira iliyonuka kama tairi.

Mtoto akaanza kukonda. Kwanza mapaja yalilegea, halafu ngozi ya tumbo ikawa ukiivuta inabaki imesimama. Hapo ndipo mama yangu alipoingia na tiba zake, na nikajua sasa mtoto amezungukwa pande zote. Mama alikuwa bingwa wa dawa za asili, kwa maneno yake mwenyewe. Alisema ni mchango wa tumboni. Akachemsha mizizi, akamkogesha mtoto kwa majani machungu, akamchanja tumboni, akamfunga hirizi shingoni, akamwandikia kombe kwa zafarani na kumnywesha yale maji ya sahani. Wifi akazifungua hirizi kwa sababu ni uchafu, mama akazifunga tena. Walishindana hivyo kutwa, mmoja na saa yake, mwingine na mizizi yake, na hakuna hata mmoja aliyesema neno dogo kuliko yote, kwamba mtoto ana njaa.

Mimi nililisema. Niliketi jikoni kifua kikivuja mpaka kanga ikalowa, maana mtoto akilia chumba cha pili maziwa hayaulizi ni wa nani. Nikamwambia mama nitamnyonyesha. Alikuwa akitwanga majani, akaacha.

"Ukimtia ziwa lako mdomoni umeua ndoa," akasema.

"Na nisipomtia?"

"Mungu ndiye anayelisha."

Kwa asiyeijua dini yetu, mambo ni hivi. Watoto wawili wakinyonya kwa mwanamke mmoja, wakashiba mara zinazohesabiwa, huwa ndugu. Hawaoani milele, kama vile wametoka tumbo moja. Mama yangu aliijua sheria hiyo kuliko wanaume wengi wa msikitini. Alikuwa akiwafundisha wanawake wa mtaa twahara na dua kila alasiri, na sauti yake ilipofika kwenye haramu ilitetemeka vizuri sana. Kwa hiyo alikuwa akijua anachokichagua. Kati ya mjukuu na nyumba yenye bati upande mmoja, alichagua bati.

Nilingoja siku ambayo wifi alikwenda kushona barazani kwa mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, naye mama yuko kwenye darasa lake. Nikafungua mlango, nikamtoa mtoto. Alikuwa mwepesi, kama nimeinua nguo. Mwanzoni hakujua la kufanya na ziwa, alilitazama tu, halafu akalishika kwa nguvu ambayo sikuamini ipo katika mwili ule. Nililia kwa hasira, sio kwa huruma. Alinyonya mpaka akalala na mdomo wazi, nikamrudisha kwenye kitanda chake cha kujitegemea.

Nikafanya hivyo kesho yake na kila siku iliyofuata. Wiki ya pili wifi alirudi mapema, akasimama mlangoni, akatuona. Niliweka tayari maneno. Yeye akatazama saa. Akasema taratibu kwamba wakati wake haujafika bado, akageuka akatoka. Tangu siku hiyo alikwenda kushona kila alasiri, hata siku ambazo mke wa Bwana Shauri alikuwa safarini, na kabla ya kutoka aliuacha mlango wa chumba wazi.

Mama naye alianza kukohoa. Hakuwa na kifua. Alikohoa akiwa bado njiani, kwa nguvu, ili nipate nafasi ya kufunika kabla hajaingia uani. Kisha alikuwa akimshika mtoto mashavu na kusema kombe limefanya kazi. Wifi akasema ni kopo na ratiba. Mdogo wangu akasema ni maendeleo. Nyumba nzima ilikuwa inajua na nyumba nzima ilikuwa haijui, na mtoto akanenepa akawa na mikunjo ya mapaja kama ya binti yangu.

Nilinyamaza kwa kuwa ningesema wangenizuia, na mtoto alikuwa hajapata nguvu. Lakini hesabu niliijua. Mara za dini zilikuwa zimepita zamani. Wale wawili walikuwa ndugu, na nisiposema, siku moja binti yangu angepambwa, akapakwa hina, akaingizwa chumbani kwa kaka yake, na bibi yake mwalimu wa dini angekuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Hilo halikunitoka kichwani hata siku moja.

Halafu watu wa boma wakaja na maonyesho ya watoto. Mke wa Bwana Shauri alikuwa amechoka kushonesha wanawake vitambaa vya meza, akaona awafundishe kuzaa na kulea, kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameijaribu. Ikatangazwa vijijini mpaka Tinde kwamba mtoto safi na mzito kuliko wote atapewa zawadi. Kwa kuwa bomani hapakuwa na mizani ya watoto, waliazima ya mnunuzi wa pamba, ile ya kutundikwa, na watoto wakawa wanafungwa kwenye shuka na kuning'inizwa kwenye ndoano.

Hapo Wasukuma wakakosea kosa ambalo wao tu wangeweza kulikosea, na siwalaumu. Mizani ile waliijua. Kila msimu iliwaibia, na kila msimu wao nao waliiibia kwa kunyunyizia pamba maji usiku na kutia vijiwe katikati ya gunia. Kwa hiyo waliwaandaa watoto kama walivyozoea kuandaa pamba. Waliwanywesha uji na maji tangu alfajiri mpaka matumbo yakawa ngoma, na mama mmoja alikuwa amemvalisha wake bangili za shaba miguuni hadi magotini. Watoto walipotundikwa wakaanza kutapika mmoja baada ya mwingine, juu ya mizani, juu ya shuka, juu ya viatu vyeupe vya mke wa Bwana Shauri. Yule bibi alitabasamu muda wote. Sijawahi kuona mtu akidharau watu wengi hivyo kwa meno mazuri namna ile.

Mtoto wa wifi yangu hakutapika. Nilikuwa nimemnyonyesha alasiri ya jana yake na tena asubuhi ile, nyuma ya kinu cha pamba, wakati mama yake akitengeneza nywele. Alivikwa kofia ya sufu katika jua la Shinyanga, akatundikwa, akapimwa, akashinda. Zawadi ilikuwa blanketi na makopo ya maziwa.

Mke wa Bwana Shauri aliuliza mtoto huyu analishwa nini. Mdogo wangu alitafsiri swali, akiwa yeye ndiye baba, kifua mbele. Wifi akajibu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima: maziwa ya kopo, kwa saa, na habebwi akilia. Akarudia kwamba habebwi. Mkalimani mwingine akaligeuza jibu hilo Kisukuma, na nikawaona wanawake wa vijijini wakitazamana. Mmoja aliyekaa karibu yangu, kitoto chake kikinyonya wakati huohuo, kimejaa, kinang'aa, aliniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, kopo ile ni kuku ngapi?"

Sikupata kumjibu, kwa sababu mama yangu alikuwa amesimama. Utukufu ulimpanda. Aliwaambia wanawake wote kwamba mshindi ni mjukuu wake, tena ni mume wa mjukuu wake, akanyoosha mkono kuniita nimlete binti yangu wawekwe pamoja, bwana na bibi harusi, juu ya blanketi la serikali. Watu wakacheka kwa furaha. Mtu akapiga kigelegele.

Nikasimama na binti yangu mgongoni.

"Hawa ni ndugu," nikasema. "Huyo mtoto nimemnyonyesha mimi. Amenyonya na kushiba kupita hesabu yoyote ya dini, na mama yake anajua, na bibi yake anajua. Kopo ni la maonyesho."

Kigelegele kilikatika katikati. Nikamgeukia yule mwanamke aliyeniuliza bei, nikamwambia abaki na kuku wake. Mke wa Bwana Shauri aliuliza nimesema nini. Mdogo wangu alitazama kaptura yake, akasema maneno machache kwa Kiingereza. Sijui alisema nini, lakini yule bibi alinijia akitabasamu, akanishika mkono, akasema, "Vizuri sana, mama." Basi nilijua. Katika maisha yake yote ya ukalimani sidhani kama ndugu yangu aliwahi kutafsiri vibaya kwa ustadi kama siku ile.

Nyumbani nilidhani nitatukanwa. Ingekuwa afadhali. Mdogo wangu alisema nimemwaibisha mbele ya wakubwa, basi, hilo ndilo lililomuuma. Wifi alifunga mlango wa chumba. Alasiri ya kesho yake hakwenda kushona. Akaketi na mtoto, na chupa, na saa, kuonyesha ulimwengu kwamba hakuwahi kunihitaji. Mtoto aliikataa ile chuchu ya mpira. Aliisukuma kwa ulimi, akalia, akanyamaza, akalia tena, na kila alipolia kifua changu kiliitika.

Siku zilipita hivyo. Mama alikwenda kwa mwalimu wa msikiti kuuliza, akarudi na jambo la kunipendekezea. Alikaa karibu yangu na kuniita mwanangu, neno ambalo alilitunza kwa shughuli maalumu. Alisema ushahidi ni wangu mwenyewe, na mtu mwenye hasira huongeza chumvi. Niseme tu mbele ya mwalimu kwamba nilimpa ziwa mara moja au mbili, hakushiba. Ndoa itapona. Na nikishasema hivyo, wifi ataenda tena kushona alasiri.

Nilimwelewa vizuri. Walikuwa wameniwekea mtoto kama rehani. Nikikana ataishi, akue amwoe dada yake. Nisipokana wataendelea kumpa chupa asiyoitaka, huku wakinitazama. Nimewahi kuwadharau watu wengi, wapimaji pamba, wauza hirizi, Wazungu na viatu vyao vyeupe, lakini sikupata kumdharau mtu kama nilivyomdharau mama yangu mzazi katika dakika ile, na mkono wake ulikuwa juu ya goti langu.

Nilisimama, nikausukuma mlango wa chumba. Wifi alikuwa kitandani na chupa mkononi. Mtoto macho yalikuwa yamezama, halii tena. Nilimchukua na wifi hakunizuia. Nadhani alikuwa akingoja mtu afanye hivyo, lakini kungoja si kulea, nami sikumpa sifa. Nilipita naye sebuleni mbele ya mama, nikapita naye ukumbini, nikatoka naye mpaka barazani, upande wa barabara. Ilikuwa Ijumaa, watu walikuwa wanatoka kuswali. Nikakaa, nikafungua kanga, nikamnyonyesha.

Wanaume waligeuza nyuso wakapita wakiharakisha. Wanawake walisimama. Mwalimu wa msikiti mwenyewe alipita na tasbihi yake, akaona, akainamisha kichwa, na hapo shauri la mara moja au mbili likaisha. Mama alitoka akasimama nyuma yangu. Aliniomba niingie ndani, kwa sauti ya chini, ya kuomba kweli.

"Ndani ndiko mlikomwacha afe," nikamwambia.

Mtoto alikuwa amefumba macho, anameza kwa sauti, jasho limemtoka kwenye paji. Binti yangu alitambaa kutoka mlangoni akaja kumshika mguu, akaanza kuuchezea ule mguu kama wake. Mama aliingia ndani akakaa muda, akarudi na bakuli la uji, akaliweka kando yangu bila kunitazama. Hakuniomba radhi na mimi sikushukuru. Niliunywa wote, kwa sababu sasa nilikuwa nanyonyesha wawili. Haukuwa na sukari ya kutosha, na nilimwambia.